Uke kulegea baada ya kuzaa: shabu, mazoezi au leza? Waliopitia haya tusaidiane

NyotaYaUmoja
Habari zenu wadau. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Nina miaka 31, naishi Umoja, watoto wawili. Wote nilijifungua kwa njia ya kawaida. Huyu wa pili ana miezi minane, alizaliwa na kilo 4.1, nilichanika nikashonwa. Tangu hapo sijijui. Nikikaa kwenye beseni la maji ya chumvi kisha nikavaa, dakika kumi baadaye maji yananitoka kana kwamba nilikuwa nimeyaweka akiba. Nikiinama kumwinua mtoto, upepo unatoka mbele na una sauti. Yule mkubwa ameshaniuliza, "Mama, ni nini hiyo?" Nikamwambia ni kiti.

Juzi baba yao, ambaye si mtu mbaya, akaniambia polepole, "Mama Pendo, siku hizi ni kama kuingia ukumbi wa harambee kabla watu hawajafika." Nikacheka naye. Halafu nikatoka kwenda kuanua nguo saa nne usiku, na nguo zenyewe nilikuwa nimeshazianua jioni.

Sasa jirani amenipa kipande cha shabu kwenye karatasi ya nailoni, ati niweke usiku na asubuhi nitaamka msichana. Mwenzangu kazini anasema kuna leza. Mama mkwe anasema mshubiri. Nani amefanya nini kikamsaidia? Na je, hili ni jambo la kweli ama ni kichwa changu tu?

Kinyozi_Kayole
Mimi naweza kuzungumzia shabu pekee, hayo mengine nawaachia wenyewe. Shabu ninayo hapa mbele yangu kwenye rafu, karibu na spiriti. Mteja akikatwa na wembe, nalowesha jiwe, namsugua palepale, damu inakatika na yeye anaruka kwenye kiti. Na hiyo ni ngozi ya shingo, ngozi ya mwanamume mzima. Sasa wewe unataka kuliweka huko ulale nalo? Dada, mimi hata kufikiria nimekunja miguu.

BintiPangani
Mwanangu Nyota, pole. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Majengo ya Pumwani na nimekulia Pangani, na bibi yangu alikuwa mkunga wa nyumbani. Kwetu mzazi alikaa siku arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto kila asubuhi, akafungwa tumbo kwa leso, hakuinua ndoo, hakuchutama kufua, hakurudi kwa mume. Leo mnatoka hospitali siku ya pili, ya nne mko kwenye matatu, ya kumi mnabeba mitungi. Halafu mnashangaa mwili haujarudi.

Shabu bibi alikuwa nayo, lakini hata siku moja hakumwambia mtu aitie ndani. Kulikuwa na kuchemsha ganda la komamanga na majani ya mpera, ukakalia hayo maji yakiwa vuguvugu. Kukalia, si kuingiza. Mkitaka dawa za wazee zichukueni nzima, msiokote nusu.

NyotaYaUmoja
Shikamoo Bi. Siku arobaini ningezipata wapi? Nilirudi kazini miezi mitatu kamili ilipoisha, na nyumbani sina msichana.

MzeeWaMakadara
Nitasema ukweli mchungu. Haya mambo yanatokana na wasichana kuanza mapema na kupitia wanaume wengi. Zamani hukusikia hadithi hizi.

NesiWaZamu
Mzee, kwa heshima zote, hapana. Niko wodi ya wazazi mwaka wa kumi na mmoja sasa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni mzunguko wake ni kama sentimita 35. Chukua futi ya fundi cherehani ujipimie kwenye sufuria, kisha urudi hapa uniambie ni mwanamume gani wa Makadara anayelingana na hiyo. Na kama ni wingi wa mara, mwanamke aliyekaa na mume mmoja miaka ishirini ndiye angekuwa amelegea kuliko wote. Uke una mikunjo na misuli, unatanuka unarudi. Kinachobaki kimelegea mara nyingi ni misuli inayoushikilia kwa chini, ile tunayoiita sakafu ya nyonga, ambayo wakati wa kuzaa hunyooka hadi kama mara tatu ya urefu wake wa kawaida.

Nyota, jibu la swali lako la mwisho: maji kutoka baada ya kuoga na upepo ni vitu tunavisikia kila wiki kutoka kwa wazazi. Si kichwa chako. Na dawa yake ni moja, mazoezi ya Kegel, yale ya kukaza na kuachia misuli hiyo. Mengine yote ni kupoteza pesa.

MzeeWaMakadara
Sawa nesi. Sufuria nimeipima, ni 61. Tuendelee.

DawaAsili_254
Dada Nyota usihangaike!! Nina mseto wa manjakani (vinundu vya mti wa mwaloni), komamanga, karafuu na shabu iliyosafishwa. SIKU 3 TU unarudi kama hujawahi kuzaa. Hauna madhara kwa sababu ni wa asili. Njoo sandukuni nikupe bei.

Kinyozi_Kayole
Siku 3? Hata maharagwe ya Gikomba ukiyaloweka vibaya siku 3 hayajaiva.

Tumaini58
Na upupu pia ni wa asili, mbona huuzi?

Msimamizi
DawaAsili, matangazo yana jukwaa lake. Hili ni onyo la kwanza.

NesiWaZamu
Kabla hajafukuzwa nieleze jambo, maana wengi watasoma kimyakimya halafu waende kununua. Manjakani, ganda la komamanga na shabu kazi yao ni ileile: kukausha na kukunyanza. Ukila ndizi mbichi ulimi unavyokakamaa, ndivyo hivyo. Msuli haujaguswa. Kilichobana ni ngozi laini ya ndani iliyonyang'anywa ute wake. Kwa saa chache kila mtu anafurahi, kisha ngozi inachubuka. Uke wenye afya una asidi kidogo, pH kati ya 3.8 na 4.5, inayotunzwa na bakteria wazuri. Ukiwaua hao, unakaribisha uchafu wenye harufu na fangasi. Na ngozi iliyochubuka ni mlango wa magonjwa. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, wanawake zaidi ya 14,000. Wale waliokuwa wakiosha ndani kwa sabuni, wakijifuta ndani kwa kitambaa au kuweka vitu vya kukausha na kubana walionekana kupata VVU zaidi ya wenzao.

Nimewahi kumtoa mama vipande vya shabu vilivyoganda na ute. Alikuwa analia bila sauti. Siongezi.

Wakili_wa_Upande_Ule
Nimewasoma wote na nina swali. Nani alipima? Nyota amesema maji na upepo, sawa. Lakini huo "ulegevu" una futi? Mimi naona ugonjwa huu umetengenezwa na wauzaji. Kwanza wanakuambia una shida, kisha wanakuuzia jiwe la shilingi hamsini au mashine ya laki. Hakuna anayemwambia mwanamume aliyezaa watoto watano kwamba amelegea.

FizioMtaani
Wakili una nusu ya haki. Mimi ni mtaalamu wa viungo, na nusu ya wateja wangu ni kina mama wa namna hii. Ni kweli hakuna kipimo kimoja kinachokubalika kila mahali. Tunategemea anavyojisikia mwenyewe. Lakini misuli inapimika. Naweka kidole kimoja, kwa ruhusa, namwambia kaza kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, nampa alama toka 0 hadi 5. Nimeona waliokuja wakilia kwamba wamelegea na wana 4. Nimeona pia wa 1 ambao hawakuwa na habari, wamekuja kwa sababu ya mgongo.

NesiWaZamu nakuheshimu, ila hapo kwa "dawa yake ni moja" tutagombana kidogo. Mazoezi haya yana sifa kubwa, na yanastahili. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya kina mama wanaovuja mkojo, na kwa kuvuja mkojo ushahidi wake hadi leo ni mzuri sana. Kwa ulegevu wenyewe ushahidi ni mdogo zaidi, ingawa ndipo pa kuanzia kwa sababu hayaumizi wala hayauzwi.

Shida ni kwamba wengi wanayafanya vibaya. Mtu anakaza makalio, mapaja, uso, kila kitu isipokuwa penyewe. Wengine wanasukuma chini kama wako chooni, na huko ni kubomoa. Wengine waliambiwa wakatize mkojo katikati kila siku. Kujaribu mara moja ili uujue msuli, sawa, lakini si zoezi la kila siku, kibofu kinazoea kutokumaliza.

Fanya hivi: lala chali, magoti juu. Pumua. Ukitoa pumzi, vuta kwa ndani na juu kama unanyanyua maharagwe kwa msuli. Shikilia hesabu ya tano, achia kabisa kwa hesabu ya tano. Kuachia ni sehemu ya zoezi, msisahau. Mara kumi. Kisha kumi za harakaharaka. Mara tatu kwa siku. Ukizoea ufike hesabu ya kumi, ukiwa umekaa, kisha umesimama. Usitazamie kitu kabla ya majuma sita, na usikate tamaa kabla ya miezi mitatu.

Kinyozi_Kayole
Kunyanyua maharagwe kwa msuli. Nimesoma hii mbele ya wateja wanne na sote tumenyamaza.

KanzeWaKibera
FizioMtaani asante kwa hilo la kuachia. Mimi nilifanya Kegel kwa bidii ya mtihani, mara mia mbili kwa siku, kwa sababu ya kitu nilichosoma mtandaoni. Baada ya miezi miwili tendo likawa linaniuma kama kisu na mkojo haushuki. Nikapelekwa kwa mtu wa viungo akaniambia misuli yangu haikulegea tangu mwanzo, ilikuwa imekazana mno, na mimi nilikuwa naikaza zaidi. Nilifundishwa kupumua na kuilegeza. Yaani tiba yangu ilikuwa kinyume kabisa cha uzi huu.

NesiWaZamu
Haya, nimekubali kupigwa kidole. Apimwe kwanza.

MumeMtiifu
Swali la mjinga. Wakati wa kushona pale baada ya kuzaa, si daktari angeongeza tu mshono mmoja akamaliza kazi?

NesiWaZamu
Hili swali huulizwa mlangoni kwa sauti ya chini, tena kwa kicheko. Jibu: hapana, na usiulize tena. Mshono wa ziada unafunga mlango, haugusi misuli iliyo ndani. Unabakiwa na mlango mwembamba wa chumba kilekile, na mama anaumia kila mara kwa miaka. Kushona msamba ni kurudisha kilichochanika mahali pake, basi.

MumeMtiifu
Nimeelewa. Samahanini.

MamaMapacha_K
Mimi ndiye niliyepitia leza, kwa hivyo nisikilizeni mliotajiwa kliniki. Ilikuwa mtaa mmoja wa kifahari, jina siliweki hapa. Mapokezi kuna maua, unapewa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha kioo. Vikao vitatu, kila kimoja 45,000. Nilikuwa nimevunja chama chetu kizima. Fimbo nyeupe inaingizwa, inapiga mlio, unasikia joto, dakika kumi na tano umemaliza. Mwezi wa kwanza niliona tofauti, naapa. Wa pili nikaona. Wa nne nimerudi nilipokuwa. Kikao cha tatu kiliniachia kidonda kilichochukua majuma matano, na nilipopiga simu niliambiwa "ni kawaida mama, ngozi inajijenga". Sikurudishiwa hata shilingi.

Bado sijui kama miezi ile miwili ilikuwa leza au ilikuwa ni zile pesa zilizonifanya nione tofauti.

Wakili_wa_Upande_Ule
Pole sana MamaMapacha. Julai 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mashine hizihizi za leza na mawimbi ya redio. Ilisema zimeidhinishwa kwa kazi nyingine, kama kuondoa seli zinazoelekea kuwa saratani na vinyama, si kwa "kurudisha ujana" wa uke, na kwamba wamepokea taarifa za kuungua, makovu na maumivu. Halafu Sydney mwaka 2021 walichukua kina mama 85, nusu wakapigwa leza, nusu mashine ya kujifanya. Baada ya mwaka hakukuwa na tofauti. Kesi imefungwa.

Tumaini58
Usifunge kesi haraka bwana wakili. Utafiti huo wa Sydney niliusoma, maana unanihusu. Ulikuwa wa kina mama waliokoma hedhi wenye ukavu na maumivu. Ulegevu wa mama aliyezaa juzi haukuwa ndani yake. Leza inaweza kuwa haifai kwa yote mawili, lakini usichukue jibu la mtihani wa Historia ukaliandika kwenye Jiografia. Mimi nilikuwa mwalimu, siwezi kuliacha.

Wakili_wa_Upande_Ule
Mwalimu, nimekosea. Onyo la 2018 nalibakiza lakini.

Tumaini58
Libakize, hilo ni sahihi.

Na kwa wenzangu wa umri wangu mnaosoma kimyakimya: hedhi ikikoma, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia mandazi. Mtu anadhani amelegea kumbe amekauka na hasikii kitu vizuri. Mimi daktari alinipa krimu ya estrojeni ya kupaka huko, kidogo tu, kila usiku kwa majuma mawili kisha mara mbili kwa wiki. Haikunibana. Ilinirudishia hisia. Waliopata saratani ya matiti wasijaribu bila kuzungumza na daktari wao.

NesiWaZamu
Hapo Mwalimu umenikumbusha kitu kinachomhusu Nyota moja kwa moja. Unanyonyesha bado?

NyotaYaUmoja
Ndiyo, usiku na asubuhi. Mchana nyanya yake anampa niliyokamua.

NesiWaZamu
Basi nawe estrojeni yako iko chini sasa hivi, kwa muda. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa mkavu na ngozi nyembamba karibu kama aliyekoma hedhi. Wengi huona mabadiliko wakishaachisha. Kwa hiyo usijipime kwa miezi minane ukadhani ndiyo hukumu.

JaduongWaKasarani
Wacha mwanamume mmoja aseme kitu bila utani. Baada ya mtoto wetu wa pili nilikuwa nalalamika kama huyo Baba Pendo, tena kwa maneno mabaya kuliko ya ukumbi. Mke wangu akaenda akapimwa, akaambiwa yuko sawa. Akanirudia akaniambia, "Sasa wewe nenda." Nilikasirika wiki mbili. Nilipoenda kumbe nina sukari, tena ya muda mrefu, na sukari inakula nguvu za mwanamume pole pole bila kumwambia. Kisichojaza si lazima chombo ndicho kimekuwa kikubwa.

Kinyozi_Kayole
Jaduong hiyo sentensi ya mwisho naiandika ukutani kwa kinyozi.

MzeeWaMakadara
Mimi natoka kidogo nikapime sukari.

SitakiJina2
Nimefungua akaunti kwa sababu ya uzi huu. Mimi nilifanyiwa upasuaji. Mtoto wa tatu alitolewa kwa vyuma, nilichanika hadi njia ya haja kubwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nabonyeza kwa kidole huku mbele ili choo kitoke, na nilidhani kila mwanamke aliyezaa anafanya hivyo. Mkiona hivyo, au mkihisi kitu kama yai kinashuka mkisimama, hiyo si habari ya kubana kwa ajili ya mume. Ni ukuta umeachia au kizazi kinashuka. Msiende kwa muuza komamanga.

Daktari wa kina mama alinifanyia ukarabati wa ukuta wa nyuma na msamba. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimemaliza kuzaa, kwa sababu ukizaa tena huko unaweza kubomoa kazi yote. Majuma sita bila kuinua chochote wala kukutana na mume. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya maumivu, kovu lilikuwa gumu. Sasa niko mwaka wa nne, niko vizuri, choo kinatoka chenyewe. Lakini mwenzangu wa kitanda cha pili, tulifanyiwa siku moja, hadi leo anaumia. Alibanwa kupita kiasi. Kwa hivyo sitamwambia mtu afanye wala asifanye.

Kuna kina mama ambao kwao kushuka kwa kizazi wanawekewa pete ya silikoni tu, bila kisu. Ulizeni.

BintiPangani
Mwanangu, ulibeba mzigo mkubwa kimya. Pole.

FizioMtaani
Asante kwa ujasiri, SitakiJina. Vyuma mara nyingine hung'oa msuli kutoka kwenye mfupa. Uking'oka hivyo, Kegel haiurudishi kwenye mfupa, inaimarisha uliobaki tu. Hilo ndilo nililokuwa namwambia nesi.

Nyota nina swali lingine. Unaishi ghorofa ya ngapi?

NyotaYaUmoja
Ya nne. Kwa nini?

FizioMtaani
Maji yanapanda?

NyotaYaUmoja
😂😂 Umoja hii? Maji ni mara mbili kwa wiki na hayafiki juu. Nabeba mitungi ya lita 20 kutoka chini, sita au saba.

FizioMtaani
Lita 20 ni kilo 20. Ngazi za ghorofa nne, mara saba, umezuia pumzi, miezi minane baada ya kuzaa mtoto wa kilo nne. Kila hatua unasukuma sakafu ileile unayotaka ipone. Unaweza kukaza mara sitini kwa siku na ngazi zikabomoa zote. Kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu hufanya hivyohivyo. Beba nusu mtungi, toa pumzi na ukaze kabla ya kuinua.

BintiPangani
Nilisema nini kuhusu ndoo? Nilisema, mkaona ni hadithi za kizee.

MumeMtiifu
Baba Pendo abebe maji.

KanzeWaKibera
Hii ndiyo tiba ya kwanza humu ndani ambayo haiwezi kumuunguza mtu.

Kinyozi_Kayole
Umoja mna bahati mnapata mara mbili. Kayole tunapata Alhamisi peke yake, tena usiku wa manane, tena ya rangi ya chai.

Tumaini58
Buruburu wiki iliyopita hatukuona hata tone. Wenye maroli ya maji wakapandisha bei palepale.

Msimamizi
Wadau, uzi wa maji upo. Turudi kwenye mada.

Wakili_wa_Upande_Ule
Msimamizi, kwa ushahidi uliotolewa hapa, maji ndiyo mada.

NyotaYaUmoja
*(majuma tisa baadaye)*
Nimerudi, samahanini nilipotea. Nilienda hospitali ya serikali, nikapanga foleni asubuhi nzima, nikaelekezwa chumba cha fiziotherapia. Dada aliyenipima alikuwa mpole. Akanipa 2 kati ya 5, upande wa kushoto dhaifu kuliko wa kulia. Akaniambia nilikuwa nasukuma badala ya kuvuta, kama alivyosema FizioMtaani. Nafanya mara tatu kwa siku. Ile ya jioni naifanyia kwenye matatu, Jogoo Road ikisimama nami nakaza, ikienda naachia. Kuna siku msongamano ulikuwa mbaya nikafika nyumbani nimechoka chini tu.

Upepo umepungua sana. Maji ya beseni bado, si kama zamani. Baba Pendo anasema ameona tofauti, lakini alianza kusema hivyo wiki ya pili, kwa hiyo simwamini. Anabeba maji sasa. Analalamika mgongo.

Sijui ni mazoezi, ni mitungi, au ni kwa sababu nimeanza kumwachisha mtoto. Mama mkwe anasema ni mshubiri, na mimi mshubiri wake niliumwaga kwenye maua.

NesiWaZamu
Ni mazoezi.

BintiPangani
Ni kupumzisha mgongo.

FizioMtaani
Endelea hadi miezi sita, upimwe tena. Kama upande wa kushoto haujapanda, waulize kuhusu kupigwa picha ya msuli.

JaduongWaKasarani
Na Baba Pendo ameshapima sukari?

NyotaYaUmoja
Jaduong 😂 amesema ataenda.

MzeeWaMakadara
Mimi nilienda. Ni 6.1 kabla ya kula. Wameniambia nipunguze chai ya sukari. Siwaambii zaidi.

MamaMapacha_K
Nyota, shabu ya jirani uliipeleka wapi?

NyotaYaUmoja
Bado iko kwenye nailoni, juu ya friji.

Kinyozi_Kayole
Usiitupe. Ile maji ya rangi ya chai ya Kayole, mamangu anakoroga shabu kidogo ndani ya mtungi, anaacha usiku kucha, asubuhi tope lote liko chini na juu ni maji meupe. Hiyo ndiyo kazi yake.

NyotaYaUmoja
Mtungi wa lita 20, kiasi gani?

Kinyozi_Kayole
Yeye huifunga kwa uzi akaizungusha mara chache kisha anaitoa. Ngoja nimuulize nirudi. Na bado uyachemshe kabla ya kunywa.